Maswali na majibu: Gari lako la umeme halitapunguza foleni ya Mwenge

Wiki hii nimechagua barua za usafiri na nishati hapa Dar es Salaam. Waliouliza kwa herufi kubwa tupu nimewaacha.

Nataka kuagiza Nissan Leaf iliyotumika kutoka Japan. Nitakuwa nimechangia mpango wa jiji wa tabianchi? (Msomaji, Mbezi Beach)

Utakuwa umenunua gari. Halitoi moshi, na hilo si dogo kwa wauza matunda wanaoshinda kando ya barabara. Ila saa kumi na moja jioni pale Mwenge litakula nafasi ileile ya gari la petroli, mtu mmoja ndani, na daladala lenye abiria wa kusimama litakuwa nyuma yako linapiga honi. Kama umeshaamua, kabla hujalipa omba picha ya dashibodi gari likiwa limewashwa. Kando ya mita ya chaji kuna vipande vidogo 12 vinavyoonyesha afya ya betri. Vikibaki 8, umbali umeshapungua sana, na kwa kuwa betri ya Leaf hizo za zamani haina mfumo wa kupozwa kwa maji, joto letu litaimalizia. Muuzaji akikutumia picha ya rimu badala ya dashibodi, achana naye.

Umeme wenyewe si unatoka kwenye gesi? Tunahamisha moshi tu. (Kijana wa Kinyerezi)

Miaka michache nyuma ningekupa nusu ya hoja. Sasa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235, jumla megawati 2,115. Wa kwanza uliwashwa mwanzoni mwa 2024, wa mwisho 2025. Na hata ukichajia kwa umeme wa gesi, injini ya petroli inageuza takriban robo tatu ya mafuta kuwa joto la bure, mota haifanyi hivyo. Hofu yangu iko kwingine. Mgao wa 2022 na 2023 tunaukumbuka, na ukame ulichangia. Ukiweka treni ya reli ya kisasa (SGR), mabasi na majiko yote kwenye umeme wa maji, unayaweka mikononi mwa mvua. Mapaa ya vituo na karakana za mabasi yako wazi juani mwaka mzima bila sola, na hakuna anayeona aibu.

Nimefunga mfumo wa gesi asilia kwenye gari. Hii ni nishati safi, sivyo?

Swali hili linakuja kila mwezi, na kila mwezi muulizaji anataka kupongezwa. Ni rahisi kuliko petroli, inatoa masizi machache, na kaboni yake ni pungufu kwa kama robo. Safi si sawa na nafuu. Gesi asilia ni methani, na ikivuja, katika miaka 20 ya kwanza hunasa joto zaidi ya mara 80 kuliko kaboni dayoksaidi. Na mtungi nyuma ya kiti unashikilia mgandamizo wa takriban baa 200. Una cheti chake? Umeandikwa tarehe ya kupimwa tena? Kama ulifungiwa chini ya mwembe na fundi aliyekuambia "hii ngoma haina shida", nenda kituo kilichosajiliwa leo hii.

Mwendokasi imenichosha. Kwa nini nisirudi kwenye gari langu? (Mama wa Kimara)

Mama, siwezi kukulaumu. Anayekulaumu hajasimama Kimara Mwisho asubuhi akaona watu wazima wakiingilia dirishani, viatu mkononi.

Lakini hapa ndipo mpango mzima wa tabianchi wa jiji unaposimama au kuanguka, kwa hiyo nivumilie kidogo. Huduma ya mabasi haya ya njia maalumu ilianza Mei 2016, kilomita 21 hivi kutoka Kimara kwenda Kivukoni, Gerezani na Morocco, kwa mabasi 140. Ilisifiwa duniani, na jiji likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018. Tukatundika tuzo ukutani. Karakana ilikuwa imejengwa Jangwani, ndani ya bonde la Mto Msimbazi, mahali ambapo mtoto yeyote wa Magomeni angekuambia maji yanapita. Masika yakaja, mabasi yakazama yakiwa yameegeshwa. Yaliyobaki yakaharibika moja moja, vipuri vikachelewa, abiria wakaongezeka.

Kila basi refu linalolala karakana huacha abiria zaidi ya 100 kituoni. Wenye uwezo wanarudi kwenye magari, wengine wanapanda bodaboda. Barabara imejengwa, zege limekauka, na moshi unapanda palepale. Ndiyo maana napandwa na hasira nikisikia semina ya magari ya umeme hotelini wakati ratiba ya basi haifuatwi. Basi la dizeli linalofika kila dakika tatu ni bora kwa hewa ya jiji kuliko basi la umeme lililo kwenye bango. Likija la umeme au la gesi, karibu, ila lije na vipuri, mafundi na karakana isiyo bondeni.

Rudi kwenye gari ukilazimika. Ila wapakie majirani wawili.

Tukipanda miti ya kutosha, haitoshi?

Haitoshi. Na ukipanda, panda kando ya njia ya waenda kwa miguu, maana anayetembea juani kwenda kituoni ndiye wa kwanza kununua pikipiki.

Nani hasa anasimamia mpango wa tabianchi wa Dar? (Mwanafunzi, Chuo Kikuu)

Swali zuri kuliko yote. Mpango unaoelekea 2050 upo. Lakini Jiji lililokuwa juu ya manispaa 5 lilivunjwa Februari 2021, hadhi yake ikapewa Ilala. Mwendokasi iko chini ya TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, leseni za daladala ziko LATRA, barabara wamegawana TANROADS na TARURA, umeme ni TANESCO. Ukiuliza kwa nini kituo hakina taa, utazungushwa wiki nzima. Diwani wako akija, muulize fungu la bajeti la vivuko na njia za waenda kwa miguu, si maoni yake kuhusu tabianchi.

Mkaa wangu wa gunia moja unaliumiza jiji kweli?

Gunia lako si moja. Mkaa wa Dar unatoka Pwani, Morogoro na kwingineko, na misitu hiyo ndiyo inayolinda Mto Ruvu unaokunywa. Serikali imelenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Mitungi ya bure inagawiwa kwa mbwembwe, kisha inakaa uvunguni kwa sababu kujaza ni pesa ya mkupuo na mkaa unauzwa kwa kopo. Kama una umeme, nunua jiko la umeme la presha. Nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa haimalizi uniti moja, na uniti haifiki shilingi 400.

Betri ya bodaboda ya umeme ikiisha njiani nifanyeje?

Unabadilisha kituoni kwa dakika chache, kama kipo kituo. Kigali walianza na vituo, ndipo wakaamua kuanzia 2025 pikipiki mpya za abiria zisajiliwe za umeme tu. Ukiuziwa pikipiki kabla ya kuonyeshwa kituo cha betri, usisaini mkopo.

Naweza kwenda kazini kwa baiskeli kutoka Ubungo?

Njia ya baiskeli ipo kando ya Morogoro Road. Ondoka kabla ya saa kumi na mbili na nusu, maana baada ya hapo ni ya bodaboda na meza za chipsi.