Ukikodi ndege ya Lamu, umekodi kilo

"Ndege ni yetu wenyewe, nani atatupimia?" Mjomba alinijibu hivyo nilipomuuliza kama mizigo imepimwa, nami nikanyamaza kwa sababu hata mimi niliona ana haki. Tulikuwa watu 11 Nairobi, ukoo mmoja, tunakwenda Lamu arusini kwa binti yake. Tiketi za ndege za kawaida zilikuwa zimekwisha, ilikuwa siku za likizo, basi tukachangishana tukakodi ndege ndogo nzima, Cessna Caravan, kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, hadi Manda, kisiwa chenye uwanja wa ndege wa Lamu. Ukigawanya bei kwa vichwa, haikuwa mbaya hata kidogo. Na wakala tuliyepitia kwake, jina nitaliacha, alitutuliza kwenye simu: msijali, ndege yenu, safari yenu.

Asubuhi ile Wilson tulikuta mizani mbili, ndogo ya mabegi na bapa ya watu. Shangazi alikuwa amesema kwenye fomu kwamba ana kilo 65. Mizani ikasema 84. Akashuka, akavua viatu, akapanda tena. Themanini na tatu na nusu. Tulicheka mpaka rubani alipokuja na karatasi yake, na hapo kicheko kikakatika.

Alikuwa kijana mpole, akatueleza kwa hesabu. Caravan ya aina ile haitakiwi kuruka ikiwa na uzito unaozidi takriban kilo 3,970, kila kitu ndani. Toa ndege yenyewe na viti vyake na rubani, tukabaki na kilo 1,600. Toa mafuta aliyokwisha kujaza, kilo 650, maana alipanga kutushusha na kugeuza bila kujaza tena. Zikabaki 950. Sisi wenyewe, shangazi akiwemo kwa kilo zake za kweli, tulikuwa 812. Kwa hiyo mizigo ilikuwa na nafasi ya kilo 138 tu. Yetu ilikuwa 231.

Kilo 93 zibaki Nairobi. Za nani?

Pale sakafuni ndipo nilipojifunza mambo mengi kwa mara moja. Mama mdogo alifungua sanduku lake mbele ya watu, akatoa doti 30 za kanga za kutuza, ambazo peke yake zilikaribia kilo 15, akatoa chupa ya chai, akatoa mbuzi ya kukunia nazi. Mbuzi! Ya kupeleka Lamu! Sikuthubutu kusema neno. Masanduku magumu ya magurudumu, moja tupu tu ni kilo nne na zaidi, na tulikuwa nayo sita. Hesabu mwenyewe kilo za plastiki tulizotaka kuzirusha angani. Mwisho sanduku kubwa kuliko yote likabaki, na nguo za bi arusi za siku ya pili zilikuwa humo. Lilifika kesho yake alasiri kwa ndege ya abiria, kwa malipo, huku mjomba akipiga simu kila nusu saa.

Tangu siku ile nimekodi ndege ndogo mara tatu zaidi kwa ajili ya jamaa na wageni, na watu huniuliza kwanza: kila mtu anaruhusiwa kilo ngapi? Swali hilo ni la ndege ya tiketi. Huko kampuni nyingi za ndege ndogo hapa Kenya hukwambia kilo 15 kwa abiria, begi la mkononi likihesabiwa humo humo, na begi liwe laini. Kwenye ndege ya kukodi, swali la kumuuliza wakala ni hili: kwa safari hii, kwa mafuta haya, watu na mizigo yote pamoja wasizidi kilo ngapi? Akikujibu "msijali", tafuta mwingine. Anayeijua kazi yake atakurudishia swali: mko wangapi, mna uzito gani, mna nini cha ajabu.

Jibu lake hubadilika kwa mambo ambayo abiria hayafikirii. Mafuta ya ndege lita moja ni kama kilo 0.8, kwa hiyo safari ndefu hula nafasi ya mizigo yako kabla hujafunga begi. Ndugu zangu wa Malindi wakikodi ndege ile ile kuja Lamu huja na vikapu ambavyo sisi wa Nairobi hatuvioti, kwa sababu wao hawahitaji kubeba mafuta mengi kwa kipande kifupi kile. Mwinuko wa mahali nao una neno. Wilson iko juu, kiasi cha mita 1,690 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na jua la mchana huzidi kuilegeza, ndege ikahitaji barabara ndefu zaidi kuruka. Ndiyo maana nikiwa na mzigo mzito naomba safari ya asubuhi mapema. Tena, kama tungepeleka orodha ya uzito siku moja kabla, rubani yule angeweza kujaza mafuta machache na kupitia Mombasa kujaza wakati wa kurudi. Alituambia mwenyewe. Lakini ndege ikishajazwa, kuyatoa mafuta si kama kumwaga maji ya ndoo.

Usidanganye kilo zako. Najua ni jambo zito, hasa kwa mama zetu, na sijui mwanamume anayefurahia kutajwa uzito wake mbele ya wakwe. Dawa niliyoipata ni kukusanya mimi mwenyewe, kila mtu ananitumia kwa simu faraghani, nami napeleka jumla na orodha kwa wakala. Nguo na viatu vinahesabiwa. Mtoto wa kupakatwa anahesabiwa pia.

Ndege ikiwa ndogo zaidi, Cessna 206 yenye abiria 5, mambo hubana kwelikweli. Ile uzito wake wote wa kuruka ni takriban kilo 1,630. Wanaume watano wenye miili na mabegi yao wanaweza kuimaliza kabla hujaweka kikapu cha maembe. Nikiulizwa, nasema kodi 206 kwa watu watatu wenye mizigo, au wanne wasio na kitu.

Kisha kuna umbo. Caravan ina sehemu ya mizigo chini ya tumbo, ndefu na bapa, yenye vijilango vya pembeni. Nilisimama nikimwangalia mpakiaji wa Manda akiingiza mabegi ya kitambaa humo, anayasukuma kwa goti, anayakunja, yanajaa kama mchele kwenye gunia. Sanduku gumu aliligeuza mara tatu, akaliweka chini, akawasha sigara ya hasira mbali kule. Akapendelea kuliacha la mwisho. Na chini ya mkia wa ndege kulikuwa na mguu wa chuma umesimamishwa, nikamuuliza wa nini. "Watu wakipanda nyuma wote pamoja, inakaa kitako," akasema. Kwa hiyo rubani akikwambia mama, wewe kaa mbele, na begi lako liende kule, si dharau. Anaisawazisha. Hata kilo zikitosha, zikikaa mahali pabaya ndege hairuki.

Vitu vya arusi vina mitego yake. Mtungi wa gesi haupandi, mafuta ya taa hayapandi, na rubani wetu mmoja alikataa makaa ya chetezo, yale ya kushika moto haraka, udi wenyewe akauruhusu. Betri ya akiba ya simu ikae mkononi, usiitie kwenye begi la chini, na isizidi wati-saa 100, yaani kama mAh 27,000. Mifuko ya plastiki ya dukani imepigwa marufuku Kenya tangu 2017, basi usifungie vitu humo ukadhani ndege ya binafsi ni nchi nyingine.

Vitu vizito visivyoharibika, kama sufuria, viti, mikeka, mchele, mimi nasafirisha kwa basi siku tatu kabla. Basi hufika Mokowe, boti inavusha hadi gati ya Lamu, na hamali anakuletea mlangoni. Gharama yake ukilinganisha na kilo za ndege utacheka.

Kurudi ndiko watu hujisahau. Umekuja na kilo 10, unarudi na nguru mzima, kamba, halua na ukili wa shangazi. Samaki apimwe pamoja na barafu yake, na kontena lisivuje hata tone, kwa sababu maji ya chumvi hula bati la ndege. Nimeona rubani akirudisha ndoo nzima gatini Manda, mwenye ndoo akagawa kamba bure kwa mabaharia.

Mizani yangu nimeinunua sokoni Lamu kwa muuza samaki, ile ya kuning'iniza yenye ndoano. Inanuka nguru mpaka leo, na kila begi la ukoo huu linapita kwake kabla ya safari. Lile sanduku kubwa la Wilson lipo juu ya kabati la mjomba, limejaa mablanketi. Hata lingefika nasi siku ile, magurudumu yake yangefaa nini vichochoroni Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu? Lilipofika kesho yake lilibebwa na punda, kama mabegi yetu sote.