Mtoto Mwenye Haya Mfundishe Kwanza Kurudi Kwenye Mdundo

Mtoto anayejificha nyuma ya wenzake mara nyingi haogopi kucheza. Anaogopa kicheko kitakachofuata akikosea hatua. Kwa hiyo kabla ya madaha na mizunguko, mfundishe namna ya kupotea na kurudi.

Tuchukue bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma. Inafaa shule ya msingi kwa kuwa kazi yake kubwa iko miguuni na mikononi kuliko kiunoni, na hilo hupunguza mivutano na wazazi. Badala ya majembe wape fimbo nyepesi za sentimita 70 hivi. Jembe la kweli likimponyoka mtoto wa darasa la tatu, litatua mguuni kwa mwenzake. Wacheze pekupeku kwenye nyasi au mchanga. Sakafu ya saruji huwauma nyayo na miundi, na mtoto anayeumwa hupunguza kishindo, ukadhani ni woga.

Watoto 20 hadi 24 wanatosha kwa mwalimu mmoja na mpiga ngoma mmoja, dakika 40, mara mbili kwa wiki. Wiki ya kwanza hakuna fimbo. Watembee kwenye duara wakipiga makofi, hatua nne kulia, nne kushoto. Duara halina nyuma, hivyo hakuna pa kujificha, lakini pia hakuna anayetazamwa peke yake. Mpiga ngoma akinogewa huongeza kasi bila kujua. Mwambie aitolee macho miguu ya mtoto aliye mzito kuliko wote, siyo ya yule fundi.

Wiki ya pili ndiyo yenye kazi. Ngoma ipigwe kwa hesabu ya nane, na pigo la moja liwe zito. Mwalimu aite “Potea!” na kila mtoto avuruge hatua apendavyo, huku ngoma ikiendelea. Pigo zito likirudi, wote wakanyage kwa mguu wa kulia. Rudieni mara kumi. Watacheka sana, waacheni, maana hapo kila mtu amekosea na hakuna wa kuchekwa. Baadaye kila mtoto kwa zamu aite “Potea!” mwenyewe.

Baada ya hapo sharti ni moja: ngoma haisimamishwi kwa kosa la mtu mmoja. Mwalimu akiinua mkono, ngoma ikanyamaza, kisha akasema “wewe wa tatu, unatuharibia”, kazi ya wiki mbili imekwenda na maji. Kosa likijirudia, lifundishe kwa kundi zima mwishoni.

Mkishaingia kwenye mistari, walimu wengi humficha mwenye haya mstari wa nyuma. Kundi likigeuka, mstari wa nyuma unakuwa wa mbele, na mtoto anajikuta uso kwa uso na watu bila mwenzake wa kumwiga. Pangeni mistari mitatu, yeye akae katikati ya mstari wa pili, mafundi wakae pembeni na kwenye mistari ya mbele na nyuma. Kila upande atakaogeukia atakuwa na mtu wa kumfuata.

Sauti ije taratibu. Kuongoza wimbo peke yake ni mzigo; aanze na mwenzake, mstari mmoja tu, wengine waitikie. Asiyethubutu hata hilo apewe filimbi ya kubadilishia mitindo. Inampa mamlaka bila kumdai sauti.

Watazamaji wa kwanza wawe darasa la jirani, baada ya wiki sita hivi. Mcheza kwao hutunzwa. Mahafali yasubiri, na hata huko jihadharini na kutunza kwenyewe: mzazi akipanda kumbandika mwanawe noti usoni, wenzake kumi wanajihesabu kuwa hawakuonekana. Wekeni kapu moja mbele, kinachoingia kiwe cha kundi. Mkiandaa timu ya UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi Tanzania, wasiochaguliwa waendelee na mazoezi yao siku zilezile.

Dalili ya kutafuta siyo ufundi wa miguu. Ni siku fimbo itakapomponyoka, akainama akaiokota, akasikilizia pigo zito na kuingia kwa mguu wa kulia bila kumtupia mwalimu jicho. Wiki inayofuata mhamishieni pembeni mwa mstari.