Kabla hujanunua pikapu ya kuvutia boti, ipime boti kwanza

Kama umewahi kuteremka na gari pale kivuko cha Likoni, Mombasa, saa za jioni, watu wametoka kazini, huna haja ya kuelezwa. Mteremko unaishia kwenye ulimi wa chuma wa feri, na watu wamejaa kila upande, wengine na baiskeli, wengine na mikokoteni.

Siku hiyo nilikuwa naipeleka boti Shimoni. Hilux yangu mbele, trela nyuma, na juu ya trela boti ya faiba ya futi 23 yenye mashine mbili. Nikapungiwa mkono nishuke. Nikashuka na gia ya kwanza, mguu juu ya breki. Katikati ya mteremko nikahisi nasukumwa mgongoni, kama vile mtu aliye nyuma yako kwenye mlango wa matatu. Nikakanyaga breki. Magurudumu yakasimama, gari halikusimama. Chini palikuwa pamelowa maji ya chumvi, na trela likaendelea na safari yake, likianza kuupeleka mkia wa gari upande. Kijana mmoja aliruka akauacha mkokoteni wake wa mananasi. Tulisimama hatua mbili kutoka kwenye mananasi yale.

"Yakhe, wataka kutuua?" aliniuliza. Sikuwa na jawabu.

Tulipofika ng'ambo nilikuwa nimeshaamua: Hilux imenishinda, nanunua pikapu ya maana. Na kwetu hapa pwani ukisema pikapu ya maana, kila mtu anajua unasema Land Cruiser 79, ile yenye pua ndefu ambayo polisi wanayo, wafugaji wanayo, kila shirika linaloingia porini linayo. Zinaunganishwa hapa hapa Mombasa, vipuri vyake haviadimiki, na ukiuza baada ya miaka kumi bado mtu anakupa pesa ya heshima. Nikaanza kuzungumza na benki kuhusu mkopo wa miezi 48.

Aliyenizuia ni fundi wangu wa Kisauni, mzee ambaye huwa hasemi sana. Nilimweleza yote, akaniuliza swali moja: "Hiyo boti ina kilo ngapi?"

Nikamwambia aliyeniuzia alisema tani moja na kidogo.

"Aliyekuuzia hakukuuliza wewe una kilo ngapi ukishakula," akasema, akarudi chini ya gari lake.

Basi nikaivuta hadi Changamwe, kwenye mizani ya watu binafsi inayopima malori ya vyuma vikuukuu. Nilipanga foleni kati ya malori mawili, kila mtu akiniangalia kama mwehu. Mizani ikasoma kilo 2,640 kwa trela na mzigo wake.

Mwenye boti hakudanganya. Ganda la boti lilikuwa kweli kama kilo 1,200. Ila kila mashine ina kilo kama 180, na ziko mbili. Petroli lita 300 ni zaidi ya kilo 200. Trela lenyewe tupu kilo 600. Ongeza nanga na mnyororo wake, sanduku la barafu, vifaa, na maji yaliyotuama chini ya sakafu ambayo hakuna aliyekuwa akiyatoa. Uzito wa boti unaoandikwa kwenye tangazo la kuuza ni uzito wa boti isiyokwenda popote.

Usiku ule ndipo kwa mara ya kwanza nilifungua kitabu cha gari langu kwenye ukurasa wa kuvuta trela. Hilux hiyo ni ya 2.8, gia za mkono. Kimeandika kilo 3,500. Nikashangaa, maana mzigo wangu uko chini ya hapo kwa karibu tani nzima. Halafu nikauona mstari wa pili: kilo 3,500 ni kwa trela lenye breki zake. Trela lisilo na breki, mwisho wake ni kilo 750.

Asubuhi nikaingia chini ya trela na tochi. Breki zilikuwapo zamani. Aliyekuwa nalo kabla yangu alizikata paipu zikishaoza kwa chumvi, akaacha dramu zimeganda kwa kutu na paipu mbili zimekunjwa kama mkia wa panzi. Kwa hiyo kwa mwaka na zaidi nilikuwa navuta zaidi ya mara tatu ya kiasi kinachoruhusiwa, ndani ya mji uliojaa watu, na nikilaumu injini.

Kilichonikalisha chini ni pale nilipoangalia takwimu za Land Cruiser 79 niliyokuwa naichukulia mkopo. Kilo 3,500 kwa trela lenye breki. Kilo 750 kwa lisilo na breki. Namba zile zile. Isuzu D-Max, Ford Ranger, vile vile. Ningelipa miaka minne, nikashuka Likoni na pikapu mpya inayong'aa, na trela lile lile lingenisukuma mpaka kwenye mananasi.

Mtu akisikia "gari la kuvuta" anafikiria kupanda mlima, kelele ya injini, moshi. Kazi ngumu iko kwenye kushuka na kusimama.

Na hata hiyo habari ya nguvu tuiangalie, kwa sababu vijana wanabishana sana barazani. Ile injini ya zamani ya Land Cruiser, ya sentimita za ujazo 4,164, silinda sita, isiyo na tabo (kile kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi), inatoa nguvu ya mzunguko ya nyutoni-mita 285. Hilux yangu ya 2.8 yenye tabo inatoa 420. Ndiyo, ile ndogo inavuta kwa nguvu zaidi. Ukiwa na mzigo kutoka Miritini unapanda kwenda Mazeras, au kutoka Kombani unapanda kwenda Kwale, yenye tabo itakupita. Hiyo ya 4.2 inapendwa kwa mambo mengine: chasisi nene, springi za majani, tangi la lita 130, na injini ambayo fundi wa Kinango anaifungua kwa spana bila kuunganisha kompyuta. Ukiharibikiwa mbali na lami, hayo ni mambo makubwa kuliko nyutoni-mita zote. Lakini usiinunue ukidhani itapaa na trela.

Jambo la pili nililojifunza, na ambalo watu wengi hawalijui kabisa, ni uzito unaokaa kwenye shingo ya trela, pale linaposhikana na gari. Unatakiwa uwe kama asilimia 10 ya uzito wote. Wangu ulipaswa kuwa kilo 260 hivi. Niliupima kwa muuza vyuma: tukaweka mguu wa jeki wa trela juu ya mizani yake ya kupimia vyuma, tukalitenga na gari, tukasoma. Kilo 110. Mashine mbili nyuma zilikuwa zinalinyanyua trela mbele kama pembea. Ndiyo maana nikipita kilomita 70 kwa saa barabara ya Mtwapa, trela lilikuwa linaanza kuyumba kama mtu aliyetoka mnazini. Nilikuwa nadhani ni upepo wa basi zinazonipita. Tuliusogeza mbele mlingoti wa winchi, ule unaoshikilia pua ya boti, boti ikaja mbele sentimita 30, tukapima tena mpaka ikafika kilo 250. Kuyumba kumekwisha. Ila kumbuka kwamba kilo hizo 250 sasa zimekaa juu ya gari lako, kwa hiyo zitoe kwenye hesabu ya watu na mizigo unayoweza kupakia kwenye pikapu.

Breki mpya za trela, za aina inayojikamata yenyewe pale trela linapolisukuma gari, pamoja na paipu zisizoshika kutu na kazi ya fundi, hazikufika malipo ya miezi mitatu ya ule mkopo.

Sasa, sisemi Hilux yatosha kwa kila mtu. Gari lenye tani mbili kuvuta tani mbili na nusu ni ndama kuvuta ng'ombe. Linawezekana, lakini ng'ombe akiamua, ndama anafuata. Mimi sasa sizidi kilomita 60 kwa saa, na kwenda kusini nazunguka barabara ya Dongo Kundu badala ya feri, hata kama kutoka Mtwapa ni mzunguko wa haja. Anayevuta tani tatu kila wiki, au anayeingia Lunga Lunga ndani kwenye barabara za vumbi, huyo namwambia achukue pikapu nzito na asijute.

Ndiyo maana swali langu kwa kila anayeniuliza ni siku. Umevuta siku ngapi mwaka jana? Usikisie. Mimi nilikisia sitini. Nilipokaa na simu, nikaangalia picha na jumbe za wateja, nikapata siku 19. Siku 19 kati ya 365! Siku nyingine zote pikapu ile ingekuwa inapeleka watoto madrasa na kutafuta pa kuegesha Marikiti. Dizeli za kisasa zenye chujio la masizi kwenye ekzosi hazipendi safari fupi fupi za mjini. Chujio linataka injini ipate moto wa kutosha lijisafishe, na Nyali hadi Buxton haitoshi. Kwa siku 19, kukodi gari kubwa na dereva wake kunakuwa rahisi kuliko kulilisha mwaka mzima.

Hapa niingize habari ya mpwa wangu, maana yeye na wenzake wamenichosha. Kila siku ananitumia video za pikapu za Marekani, Ford F-250, Ram 2500 yenye injini ya Cummins ya lita 6.7, zikivuta nyumba nzima. "Mjomba, agiza hii." Mwanangu, kwanza usukani uko kushoto, na Kenya gari la usukani wa kushoto halisajiliwi isipokuwa la kazi maalumu kama zimamoto. Pili, gari lililotumika halitakiwi kuzidi miaka minane. Tatu, zile za karibuni zimetengenezewa dizeli safi mno, yenye salfa isiyozidi sehemu 15 kwa milioni, ambayo Marekani walianza nayo mwaka 2006. Sisi tulishuka hadi 50 mwaka 2015. Na bado hujaniambia litapita wapi Mji wa Kale.

Kama umehesabu siku zako, umepima mzigo wako, na bado jibu ni kununua, basi nunua ukijua kuwa uko pwani. Pikapu iliyokuwa ikishusha boti huoza kwa chini na kung'aa kwa juu. Lala chini yake. Gonga chasisi kwa nyundo ndogo kuanzia nyuma, pale panapoingia majini. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinasema "pwa". Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, kisha gusa boneti mwenyewe. Ikiwa ina joto, muulize kwa nini. Legeza kifuniko cha oili injini ikinguruma: kikirukaruka na moshi ukitoka kwa kishindo, piston zimechoka. Na nusa klachi baada ya kuipandisha mlima kidogo, kwa sababu gari lililovutishwa vibaya linajulikana kwa harufu.

Kuhusu kutoa boti majini, wengi hudhani pia ni suala la nguvu. Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, likitoka hapa kwetu, maji yanaweza kushuka karibu mita 4, na sehemu ya chini ya mteremko inabaki imefunikwa ukoga unaoteleza kama sabuni. Pale unahitaji magurudumu manne yanayovuta, gia ya chini kabisa, na tairi zenye meno. Au subira ya muda wa saa kama tatu, maji yapande. Jambo jingine: ukifika ufukweni usiliingize trela majini moja kwa moja. Habu, yaani vitovu vya magurudumu, zimepata moto njiani. Zikikutana na maji baridi zinavuta maji ya chumvi hadi ndani ya beringi. Kunywa chai kwanza. Mimi nilivunja beringi mara mbili pale Vipingo kabla ya kuambiwa hivyo, na mara zote mbili nilikuwa nimegeuza boti kwa haraka, nikijisifu kwa wepesi wangu. Ukitoka majini, ogesha trela na tumbo la gari kwa maji matamu siku hiyo hiyo.

Kule benki niliwapigia nikawaambia tusubiri kidogo. Sasa kwenye dashibodi nina daftari dogo la shule, na kila nikivuta naandika tarehe na mahali. Mwaka huu nimefika siku 31, kwa sababu kuna hoteli mbili za Diani zimeanza kuniita. Namba ya muuzaji wa ile 79 sijaifuta. Daftari likifika sitini, nitampigia.