Ukinunua kabati kuukuu, anza kwa kupunguza

Samani za miaka ya 80 na 90 bado zimejaa Lamu na Malindi, na nyingi huuzwa kwa bei ya kuni. Utakuta makabati marefu ya sebuleni yaliyotengenezwa kubeba televisheni ya kichogo, makochi mazito yenye mikono mipana, vitanda ambavyo vichwa vyake vimejaa maua ya kuchonga kwa mashine. Mwenye nyumba akinunua vitu vipya, vya zamani hutolewa uani vinyeshewe. Malindi nako mgeni akiuza nyumba yake, mara nyingi huacha kila kitu ndani. Mimi hununua vya namna hiyo na kuvifanyia kazi nyumbani. Vingine hubaki kwangu, vingine hupata wenyewe. Anayetaka kuanza namwambia hivi: samani iliyopitwa na wakati mara nyingi ubaya wake ni mapambo tu yaliyozidi. Kabla ya kufikiria rangi, shika bisibisi na msumeno.

Lakini kwanza ununue kitu kinachostahili jasho lako. Usikague mbele. Mbele ndipo fundi alipoficha aibu zake. Vuta droo utazame mgongo wake, kisha pindua kiti miguu juu. Pangusa sehemu isiyopakwa vanishi kwa kitambaa kibichi: mvule utatoa hudhurungi yenye manjano, mbambakofi utakuja na wekundu, tena utaujua kwa uzito. Ukiona kingo zimevimba na kufumuka kama mkate uliolowa, hiyo ni chipibodi, na kwa unyevu wetu wa pwani haiponi. Iache hata ukipewa bure. Mbao iliyobunguliwa usiiogope mara moja. Igonge kwa kifundo cha kidole juu ya karatasi nyeupe. Ukidondoka unga mpya, wadudu bado wamo ndani, na usikiingize kitu hicho nyumbani kabla ya kukitibu.

Halafu tikisa. Kiti kinachoyumba huku ndimi za mbao, zile ncha zinazoingia kwenye matundu ya maungio, zikiwa nzima kinataka kubanduliwa, kusafishwa gundi ya zamani na kugundishwa upya. Kilichoshikiliwa kwa misumari mitupu kitakusumbua maisha.

Kwa sisi wa Lamu kuna hesabu nyingine: njia. Kitu kikishavuka kutoka Mokowe kwa boti, kutoka gatini hadi mlangoni kinabebwa na hamali au punda, kwenye vichochoro ambavyo watu wawili wakipishana mmoja hugeuka ubavu. Pima mlango na pembe ya ngazi kabla ya kutoa pesa, na upendelee kinachofunguka vipande vipande.

Sasa hilo kabati la televisheni. Ng'oa taji la juu, ng'oa vijiti vya mapambo vilivyogundishwa milangoni, toa vioo vyeusi. Mengi huwa ni vipande viwili vilivyobebana, kwa hiyo vitenganishe. Kipande cha chini, kwa kuwa kilijengwa kina kubeba ule mgongo wa televisheni, kinameza masufuria na masinia ambayo makabati ya siku hizi hayawezi. Kipe miguu mifupi ya mbao ili hewa ipite chini na fagio lifike. Kipande cha juu watu hutaka kukitundika ukutani. Katika nyumba za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa sikushauri, maana plasta hiyo haishiki skrubu za kubeba uzito. Kiweke sakafuni kiwe rafu ya vitabu. Sahani za kuonyesha wageni zina zidaka zake, vile vishubaka vya ukutani.

Kochi ndilo ninalolipenda zaidi. Tatizo lake kubwa ni sponji, ambayo hunywa unyevu, hunuka, na ile velveti ya juu hukusanya vumbi na joto. Chana yote utoe. Chini yake mara nyingi kuna fremu ya mbao ngumu yenye umbo zuri ambalo hakuna aliyeliona tangu lilipofunikwa. Fremu hiyo iwambwe kama kitanda cha kamba.

Toboa matundu kwa keekee kuzunguka fremu, yapishane upana wa vidole viwili, na usiyapange kwenye mstari mmoja wa nyuzi za mbao, utaipasua. Lainisha midomo ya matundu kwa msasa, vinginevyo yatakata kamba. Kamba nene ya pamba hukaa vizuri mwilini. Ya makumbi ni imara lakini huchoma mapaja, hiyo iwekee mto mwembamba. Kamba mpya huvutika, basi ining'inize kwanza ikiwa imefungwa kitu kizito. Tanda nyuzi za urefu zote kabla ya kuanza kupitisha za mapana, moja juu moja chini, na kila mstari uusukume kwa kipande cha mbao ubanane na mwenzake. Kazi hii hufanywa na wawili, mmoja anavuta, mwingine anaizuia kamba kwa kigingi isirudi nyuma. Ukiwa na mzee anayejua kuwamba, mkalishe karibu umtengezee kahawa. Mkono wake utakufundisha kuliko maelezo yangu.

Kwenye umaliziaji nina msimamo ambao baadhi ya rafiki zangu hawaupendi: kuupaka mvule rangi nyeupe ni dhuluma. Ukwangue, uupige msasa namba 80, kisha 120, umalizie na 220 ukifuata nyuzi za mbao, halafu upake mafuta ya linsidi, yaani ya mbegu za kitani, mepesi mepesi. Matambara ya mafuta hayo yatandaze nje yakauke. Yakifinyangwa rundo hujipasha moto yenyewe na yanaweza kuwaka. Rangi iende kwa mbao hafifu au fremu iliyoungwa kwa vipande vya mbao tofauti. Na rangi kuukuu usiisugue kavu, huenda ina madini ya risasi. Sugua kwa maji, uvae barakoa, na watoto wakae mbali.

Bawaba na skrubu za chuma badilisha zote, weka za shaba. Hewa ya chumvi haina huruma, na kutu ikianza hutia madoa meusi kwenye mbao.

Kitu kimoja usikiguse na msumeno: mlango wa kuchonga. Chini ya Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006, milango na fremu zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya 1946 zinalindwa. Ukiuziwa mlango wa zamani ili ugeuzwe meza, waulize watu wa makavazi kwanza.

Kazi za mafuta na vanishi zipange wakati wa kaskazi. Masika ikiingia vanishi hubaki inanata na kunasa kila mdudu apitaye, kwa hiyo miezi hiyo iwekee kung'oa, kugundisha na kuwamba.