Katalasi imepanda baada ya jeraha la ugwe mgongo? Pima hemoglobini kwanza

Mleta uzi anauliza: saa 24 baada ya kuumiza ugwe mgongo wa panya, katalasi na SOD (superoksidi dismutasi), vimeng'enya vinavyozima oksijeni haribifu, vimepanda, waliopewa vitamini E vimeshuka. Je, vitamini inadhoofisha vimeng'enya?

Usiandike hivyo bado. Chembe nyekundu za damu zimejaa katalasi na SOD, na ugwe uliopondwa huvujia damu ndani kwa ndani. Kusafisha mishipa kwa salini (maji ya chumvi) baridi kupitia ventrikali ya kushoto ya moyo huondoa damu iliyo ndani ya mishipa tu. Ile iliyokwisha kuvuja inabaki pale pale. Kwa hiyo dawa inayopunguza uvujaji itaonekana kama imeshusha vimeng'enya, kumbe imeshusha damu.

Fanya hivi. Kabla ya kusafisha mishipa, chota damu ya panya huyo huyo, osha chembe nyekundu kwa salini mara tatu, kisha zipasue kwa bafa (kimiminika kinachotuliza pH) ile ile utakayosagia ugwe: fosfeti 50 mM, pH 7.0, yenye Triton X-100 (sabuni ya maabara) asilimia 1. Ugwe usage kwenye barafu, gramu 1 kwa 9 ml. Pima hemoglobini ya vyote viwili kwa kimiminika cha Drabkin, nm 540, katika mirija tofauti na ya katalasi, maana sianidi iliyomo kwenye Drabkin huzima katalasi. Ukishajua katalasi kwa kila mg ya hemoglobini ya damu, zidisha kwa hemoglobini ya rojo la ugwe, kisha toa. Kinachobaki ndicho cha tishu. SOD nayo vivyo hivyo. Panya wa kulinganisha awe amefunguliwa pingili bila kupondwa ugwe. Asiyeguswa kabisa hatoshi.

Katalasi isomwe nm 240. Peroksidi ya hidrojeni ya asilimia 30, 0.1 ml ndani ya 100 ml ya bafa, hukupa takriban 10 mM, na ufyonzaji wa mwanga kwenye kyuveti (kichupa cha kusomea) ya sm 1 unapaswa kuanzia karibu 0.43. Ikianzia 0.3, chupa imechakaa, fungua nyingine. Soma sekunde 30 za mwanzo tu, kwani baadaye viputo huharibu usomaji na kimeng'enya chenyewe huanza kufa.

Kwa MDA (malondialdehidi, zao la kuoza kwa mafuta), weka BHT, kizuia uoksidishaji, kabla ya kuchemsha. Chuma cha hemoglobini huendelea kuozesha mafuta ndani ya mrija, kwa hiyo hapa tena damu itakudanganya.

Wanaotumia vitamini C wawe waangalifu zaidi: askobeti (vitamini C yenyewe) huzuia rangi ya pairogaloli, kemikali inayotumika kupima SOD, ikasomeka kama SOD. Kuchemsha sampuli ili kupata kipimo tupu hakusaidii sana, kwa sababu SOD ya shaba na zinki huvumilia joto. Pitisha rojo kwenye safu ya Sephadex G-25 (chembe za jeli zinazochelewesha molekuli ndogo), askobeti ibaki nyuma.

Hesabu hii ya kutoa inafaa siku ya kwanza. Siku ya saba makrofaji (seli zinazomeza mabaki) wameshaila hemoglobini nyingi, na utakachotoa kitakuwa pungufu.