Kutafuta dosie ya penal mu Lubumbashi na kusafisha jina ya mutu: kwa benye banaanza

Munaanza staje kwa avoka, ao munasaidia batu mu kartiye, na kazi ya kwanza yenye batakupatia mara mingi ni hii: enda uangalie kama huyu papa iko na dosie. Inaonekana kazi ndogo, juu hakuna kuplede hakuna toge, ni kutembea na kuuliza paka. Lakini mi naona ni hapa njo unaweza kuokoa ao kuharibu maisha ya mutu. Kijana wa Katuba anapata nafasi mu kampani ya mine, banamuomba kasye jidisiere (karatasi yenye inaonyesha kama mutu alihukumiwaka), na kama jina yake inakokota kitu ya zamani yenye haikufungwaka vizuri, ile nafasi inaenda kwa mwingine.

Usianze kwa kumuuliza kliyanti "ulihukumiwa?" Batu mingi hawajui. Mwenye alikaa siku mbili mu kasho anasema nilihukumiwa, na mwenye alihukumiwa kabisa kwa defo, yeye mwenyewe hakukuwa mu chumba, anakuapia kama tribinali hajaionaka na macho. Umuulize: ulilala wapi? Nani alikuandika? Ulisinya karatasi gani? Ulipotoka ulilipa nani, na resi (risiti) iko wapi? Kama alilala paka kwa polisi, inawezekana jambo haikupandaka hata kidogo, juu Katiba ya Kongo ya 2006 mu artikle 18 inasema garde avi (kufungwa kwa polisi) haipite saa 48, kiisha pale mutu anaachiliwa ao anapelekwa mbele ya justis. Lakini kama alifika Kasapa, gereza ya Lubumbashi, usipoteze wakati kujiuliza, enda moja kwa moja parke (ofisi ya prokirere, mwenye kushitaki kwa jina ya serikali), juu gereza haipashwe kupokea mutu bila karatasi ya majistra.

Kiisha, nambari. Bila nambari utazunguka ku palais ya justis kila siku na kila mutu atakuambia rudi kesho. Ku parke dosie inapewa nambari ya RMP (rejista ya parke). Ikifika tribinali inapata nambari ingine, RP (rejista ya kesi za penal), na kama kulikuwa apeli kunakuwa RPA. Dosie moja inaweza kuwa na hizi zote tatu, na grefye (karani) wa tribinali hawezi kukusaidia na RMP paka, atakuambia haiko hapa na atakuwa anasema kweli. Tena kuna yenye inasumbuaka bapya sana: sitasyo direkti. Pale mwenye kushitaki hakupita ku parke, alienda yeye mwenyewe ku tribinali, kwa hiyo kunakuwa RP lakini RMP hakuna. Ukitafuta ku parke paka, utarudi na habari nzuri ya uongo, kliyanti atafurahi, kiisha mwezi mbili isye, mwenye kupeleka karatasi za tribinali, anagonga mulango.

Kujua tribinali gani, angalia azabu. Tangu sheria ya tarehe 11 aprili 2013 ya kupanga matribinali, makosa yenye azabu yao haipite miaka 5 ya gereza ni ya tripe (tribinali de pe, ya chini kabisa). Wizi wa kawaida, abi de konfianse (kula mali yenye ulipewa kuchunga), eskrokri (utapeli), kupigana, hizo njo utakutana nazo kila siku, zote zinaanziaka kule. Yenye inapita miaka 5 na yenye azabu yake ni kifo inaenda TGI (tribinali de grande enstanse). Apeli ya tripe inapanda TGI, apeli ya TGI inapanda Kuru ya Apeli. Kama mutu alikuwa soda ao polisi, usihangaike na parke, uliza ku oditora ya kijeshi, njo parke ya basoda. Kama alikuwa mutoto wa chini ya miaka 18, sheria ya tarehe 10 januari 2009 ya kulinda batoto inamupeleka ku tribinali ya batoto.

Majina, mutakuwa na shida nayo sana. Rejista zinaandikwa na mukono, na batu ba kwetu tuko na jina, postno, preno, na kila mwenye kuandika anachagua yake. Tafuta Ngoy na Ngoie, Mwamba na Muamba, tafuta kwa preno, tafuta kwa jina ya mwenye kushitaki, tafuta mwaka wa mbele na wa nyuma. Ba Ilunga ni mingi sana mu Lubumbashi, kwa hiyo ukipata jina moja usikimbie kusema njo huyu: linganisha tarehe ya kuzaliwa, jina ya baba na mama, anwani. Nasema hii kwa nguvu, juu mutu anaweza kubeba kosa ya mutu mwingine miaka mingi kwa sababu mustajere mumoja alichoka kusoma mustari mpaka mwisho.

Sasa kusafisha. Hakuna karatasi moja yenye inasafisha yote, inategemea jambo iliishia wapi. Kama iliishia kwa OPJ (polisi mwenye kupeleleza makosa) na amande ya transaksyo (faini ya kumaliza jambo bila kesi), majistra akakubali na amande ikalipwa, kesi imekufa pale, unatafuta resi na alama yenye inaonyesha ile. Kama parke ilifanya klasema san switi (ilifunga dosie bila kuipeleka tribinali), andika barua kwa prokirere, taja RMP, omba bakupatie karatasi yenye inasema vile. Lakini umuelezee kliyanti bila kumuficha: klasema haiko hukumu, parke inaweza kufungua tena kama preskripsyo (mwisho wa muda ya kushitaki) haijafika. Preskripsyo yenyewe, kwa makosa madogo yenye azabu yao haipite mwaka moja, kama kumupiga mutu bila kumuumiza sana ao matusi ya mbele ya batu, ni mwaka moja. Kwa yenye azabu ya juu iko chini ya miaka 5, ni miaka 3. Kwa yenye inapita miaka 5 ni miaka 10. Na kila kitendo cha upelelezi ao cha kushitaki chenye kinafanywa mbele muda haijaisha kinaanzisha hesabu upya, kwa hiyo usihesabu na vidole tangu siku ya ugomvi, soma dosie kwanza.

Kama tribinali ilimuachilia, hukumu peke yake haitoshe. Omba grefye kopi yenye sahihi na muhuri, pamoja na sertifika ya non apeli (karatasi yenye inasema hakuna mwenye alifanya apeli), juu bila hiyo mutu wa kampani atauliza: na kama walifanya apeli? Kama alihukumiwa kwa defo, hapo kimbia kweli kweli: oposisyo (kuomba tribinali ileile ihukumu tena) ni siku 10 tangu hukumu ilifikishwa mu mikono yake, na kama haikufikishwa mu mikono yake, siku 10 tangu alijua. Apeli nayo ni siku 10. Unaenda mu grefe, unafanya deklarasyo, unaomba kopi ya deklarasyo, hautoki bila hiyo kopi.

Kama alipata sirsi (azabu yenye inasimamishwa kwa muda) na muda ikaisha bila hukumu ingine, sheria inahesabu ile hukumu kama haikukuwaka. Mwenye alimaliza azabu yote anaweza kuomba reabilitasyo (kurudishiwa jina nzuri), lakini banaangalia kama alilipa na domaje (fidia) za mwenye aliumizwa, na kama alijichunga muda yenye sheria inaomba. Na musichanganye grase na amnistie: grase ya Raisi inapunguza ao inaondoa azabu, hukumu inabakia, amnistie ni sheria, kama ile ya tarehe 11 februari 2014 ya mambo ya vita na ya siasa, na ile inafuta kosa yenyewe.

Kuna njia moja watu watakuonyesha, na itakuwa yenye bei rahisi na yenye haraka: toa kitu kidogo, dosie itapotea. Usikubali, na umukataze kliyanti hata kama analia. Haiko tu juu ni kosa, ingawa ni kosa kubwa. Dosie ikipasuliwa, mustari mu rejista unabakia, na jina yake inakaa pale mbele ya kolone yenye haina mwisho: alishitakiwa, kiisha hakuna kitu. Siku mutu anafungua ile ukurasa, haina klasema haina hukumu haina resi, na karatasi zenye zingeonyesha kama hakuiba njo zilezile zilipasuliwa. Mwenye aliuza dosie mara moja anajua bei yako, atarudi. Na kosyo (pesa ya zamana) yenye familia iliweka kwa liberte ya muda, utaiombaje bila dosie?

Fre (malipo) ya justis inalipwa na noti ya DGRAD, ofisi ya serikali yenye kukusanya malipo hayo, ku banki, na unabakia na karatasi. Mutu akikuambia hakuna noti, umpatie mukononi, omba akuandikie, utaona sura yake inabadilika. Kama familia haina kitu, baro (chama cha baavoka) iko na biro ya konsiltasyo ya bure, sheria ya baro ya 1979 njo iliiweka, na karatasi ya kuonyesha umaskini inatoka ku komine. Bapeleke mapema, hapana siku moja mbele ya odianse.

Ukiisha pata karatasi yako, soma jina herufi kwa herufi na karte ya elektere mbele ya macho, mukiwa bado mu ofisi, juu kurekebisha nyuma ni kazi ingine. Kiisha peleka kopi pale avi ya reshershi (tangazo ya kumutafuta mutu) ilitokeaka, polisi ao parke, juu tribinali kumuachilia mutu haina maana kama komisaria ya kartiye haijajua. Omba basinye ku kopi yako kama bamepokea, tarehe na muhuri, na hiyo kliyanti atembee nayo mu mufuko.