Madai ya ovataimu: kaeni na mwajiri, ila siku 60 zisiwapite

Mkuu, umeuliza kama ninyi mnaodai ovataimu kiwandani mkae kwanza na mwajiri au mwende moja kwa moja CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi hapa Tanzania. Wengi hapo juu wamekushauri CMA, na wawili wamesema gomeni. Nimekuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kiwandani kwa miaka mingi, na nasema anzeni mezani.

La mgomo liondoeni kabisa. Ovataimu ni haki iliyokwisha kuandikwa kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na madai ya haki ya namna hiyo hayagomewi, yanapelekwa kwenye usuluhishi na uamuzi. Mkigoma mtampa mwajiri sababu ya kuwafukuza, na mazungumzo yatahama kutoka kwenye pesa zenu kwenda kwenye nidhamu yenu.

Kwetu mgogoro ulikuwa kama wenu. Saa za ziada zilikuwa zinalipwa kwa kiwango kilekile cha saa ya kawaida, wakati sheria inataka isipungue mara moja na nusu. Vijana walikuwa wamechemka, na kila mmoja alikuwa na jumla yake kichwani. Kabla ya kuomba kikao tulikusanya salary slipu na kunakili saa kutoka kwenye rejista ya mahudhurio, kila mtu na karatasi yake. Kisha tukaandika barua ya kuomba kikao, tukaipeleka kwa afisa utumishi na kubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo usiudharau.

Kikaoni tuliomba mhasibu awepo, na hilo ndilo lililotusaidia kuliko yote. Hatukuanza na nani kamdhulumu nani. Tuliweka slipu moja mezani tukamwomba apige hesabu mwenyewe. Njia ni hii: mshahara wa msingi wa mwezi unagawanywa kwa 4.333 kupata wa wiki, kisha kwa saa za kawaida za wiki. Anayelipwa 390,000 kwa wiki ya saa 45, saa yake ni kama 2,000, kwa hiyo saa ya ziada ni kama 3,000. Mhasibu alipofika hapo, meneja aliacha kubishana kama tunadai, akaanza kuuliza atalipaje. Huyo meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amerithi utaratibu mbovu na hakuna aliyewahi kumwonyesha kwa tarakimu.

Tulikubaliana malipo kwa awamu, na makubaliano yakaandikwa: kiasi cha kila mtu, tarehe ya kila awamu, na kwamba awamu moja ikirukwa deni lote linadaiwa mara moja. Pande zote zikasaini kila ukurasa. Ahadi ya "tutaangalia mwezi ujao" msiipokee. Nimeona wenzetu wa kiwanda kingine wakiishi nayo hadi wengine wakaacha kazi bila kulipwa hata senti.

Sasa sharti langu, na hapa naomba msome polepole. Madai yasiyohusu kuachishwa kazi yanatakiwa kufika CMA ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Kwa aliyeachishwa kazi ni siku 30 tu. Vikao vyenu vya ndani havisimamishi siku hizo. Mwajiri mjanja anaweza kuwakalisha vikao vitamu, chai na maandazi juu, mpaka muda upite, halafu mkaanza kuomba kuongezewa muda kwa sababu ambazo Tume inaweza isizikubali.

Kwa hiyo siku zikikaribia kwisha bila karatasi iliyosainiwa, jazeni fomu namba 1 ya CMA, mpeni mwajiri nakala, na muwasilishe Tume mkiwa na uthibitisho kwamba ameipokea. Mwambieni kwa heshima kwamba mnalinda muda na milango ya mazungumzo iko wazi. Kufungua shauri si kuvunja urafiki. Hata huko hatua ya kwanza ni usuluhishi: msuluhishi ana siku 30, na mkikubaliana kwa maandishi zinaongezwa. Mnayoyasema pale hayawezi kutumiwa dhidi yenu baadaye, kwa hiyo mnaweza kupunguziana bila hofu, na mkielewana mnasaini mbele yake. Siku ya kuitwa msikose, maana shauri linaweza kufutwa.

Kama hamna tawi la chama hapo kazini, chagueni watu wawili au watatu wenye hekima wawasemee, na majina yao yawe kwenye barua. Asiende mtu mmoja peke yake ofisini.

Hukutaja mgogoro ulianza lini. Hiyo slipu ya kwanza iliyopungua ni ya mwezi gani, na mmeshaandika barua yoyote?